Kati ya Adabu na Adhabu

Wahenga walinena kuwa mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hii niliisikia utotoni kutoka kwa marehemu baba, nikaifundisha darasani kwa miaka kadhaa kabla ya kurejea chuoni kujiendeleza, na nikaitumia nyumbani tangu nilipojaliwa kuwa mzazi. Sikuwahi kuitilia shaka hadi Julai 2023.

Wakazi wa Limuru tunaujua mwezi wa Julai. Ukungu hutanda hadi mlangoni, na mtoto hathubutu kwenda shuleni bila sweta. Hata hivyo, binti yangu, aliyekuwa na umri wa miaka minane, alikwenda hivyo kwa muda wa wiki mbili. Mimi na mamake hutoka alfajiri, naye hubaki na nyanyake. Kila alipoulizwa, alijibu kuwa sweta imo mkobani na kwamba angeivaa njiani. Kikohozi kikaanza, homa ikafuata, na hatimaye daktari akatuambia kuwa ni nimonia. Usiku huo, nikiwa nimeketi kando ya kitanda chake, alinong'ona: "Baba, sweta ilipotea. Usinichape."

Maneno hayo yalinichoma moyo. Machi mwaka huo nilikuwa nimemchapa kwa kupoteza chupa ya maji, nikijiambia kuwa ninamfunza kutunza vitu. Kumbe alichojifunza ni kunificha. Mwanangu aliona heri baridi kuliko baba yake.

Sikuwa mjinga wa sheria. Nikiwa mwalimu, nilijua kuwa kiboko kilipigwa marufuku katika shule zetu mwaka wa 2001, na kwamba Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, inamlinda mtoto dhidi ya aina zote za ukatili. Shuleni niliiheshimu sheria hiyo. Nyumbani niliiacha nje pamoja na viatu vyangu.

Mpenzi msomaji, sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu wa kuzisoma methali zetu kwa makini. Methali ile yatuonya tusiogope machozi ya mtoto tunapomkataza jambo baya. Haikututuma kuyatafuta machozi hayo. Vilevile husemwa kuwa samaki mkunje angali mbichi. Mkunje, si mvunje! Aidha, tazama jinsi maneno adabu na adhabu yanavyokaribiana kwa sauti ilhali maana zake ni mbali mbali. Wengi wetu huitoa ya pili tukidhani tumeitoa ya kwanza.

Tangu usiku ule nimejaribu mambo machache ambayo ningependa kuwausia wazazi wenzangu, na nyinyi vijana mtakaokuwa wazazi kesho.

Kwanza, mzazi akikosa aombe radhi. Nilimwomba binti yangu msamaha, na heshima yake kwangu haikupungua. Pili, kosa lifuatwe na jambo linalohusiana nalo: aliyemwaga maji apanguse, aliyepoteza kitu asaidie kukitafuta. Huku si kudekeza, kwa sababu kazi ya kurekebisha kosa humkalia mtoto akilini kuliko maumivu. Tatu, anayesema ukweli asijutie kuusema. Ukimgombeza mtoto kwa kuungama, umemfundisha kusema uongo vizuri zaidi siku nyingine.

Nne, mpe mtoto muda wako usio na shughuli nyingine. Kila jioni, baada ya chajio, simu zetu huwekwa juu ya kabati kwa nusu saa. Nyanya hutega vitendawili, na "Paukwa!" ikiitikiwa "Pakawa!", hadithi huanza. Katika muda huo nimeyasikia mengi ambayo maswali yangu makali hayakuwahi kuyafichua: rafiki aliyemtenga, hesabu zinazomtatiza, hata giza analoliogopa. Mwisho, usimlinganishe mtoto na wa jirani. Vidole vya mkono havilingani, na kila kimoja kina kazi yake.

Sidai kuwa nimefuzu. Ziko siku ninaporudi nimechoka, sauti yangu ikapanda kabla ya busara. Nikikumbuka ile sauti ya kunong'ona, hushusha pumzi na kuanza upya.

Machi 2024, mwaka mmoja baada ya kisa cha chupa, nilifika nyumbani jioni. Kabla sijavua viatu, binti yangu alikuja mbio mlangoni. "Baba, nimevunja kikombe chako." Kikombe hicho nilikipenda sana, nilikuwa nimekirithi kwa baba. Nilinyamaza kidogo, kisha nikamshukuru kwa kuniambia. Nikainama kuokota vigae, naye akaenda kuleta ufagio.