Msimu wa Mdumange Bila Mavuno

Kwetu Mpale, milimani Usambara, ngoma ya mdumange tuliicheza mahindi yakishapanda darini. Julai ikiingia, kijiji kimoja kilialika kingine, wenyeji wakapika, pombe ya miwa ikatolewa, na ngoma ikakesha mpaka alfajiri. Mwaka 1974 darini hakukuwa na kitu. Vuli iliyotangulia ilidondosha matone, na masika yakapita bondeni bila kupanda mlimani kwetu. Kikundi chetu kilikuwa na ngoma zake, njuga zake na vijana waliojaa, lakini hakukuwa na cha kukichezea.

Mtu asiyejua milima ya Usambara atadhani ngoma ni kupiga tu. Julai huku ni ukungu, na ngozi hulegea. Mpigaji huwasha majani makavu, akaigeuzageuza ngozi juu ya moto, akaibonyeza kwa kidole gumba, akagonga, akasikiliza, akairudisha tena. Mwaka ule ukungu haukuja. Ngoma zilitolewa ndani zikiwa zimekaza tayari, zinalia kwa sauti nyembamba iliyopasua masikio. Mpigaji wetu mkuu, mzee mwenye maneno machache, alichukizwa kabisa. "Wanangu," alisema, "ngoma isiyoomba moto siipigi." Akaitundika.

Tukabaki tunabishana. Wengine walisema kucheza wakati watoto wanalala na njaa ni kuidhihaki nchi. Sisi vijana tulisema tusipocheza kikundi kitakufa. Wazee wakaingilia na habari za zamani, kuzifya shi na kubana shi, kuiponya nchi na kuiharibu. Enzi za Wakilindi, ukoo wa watawala wetu, mvua ilikuwa dhamana ya mfalme wa Vugha, na ikikosekana watu walijua pa kupeleka lawama. Lakini uchifu ulishafutwa baada ya uhuru, kwa hiyo mwaka ule wazee walikuwa na dai bila mdaiwa. Nadhani ndiyo maana walitugombeza sisi.

Walioamua mambo hatimaye hawakuwa wazee wala sisi. Ilikuwa miaka ya kampeni za serikali: Siasa ni Kilimo, na baadaye ikaja Kilimo cha Kufa na Kupona. Mgeni wa serikali akija kuhimiza mihogo na mtama, balozi wa nyumba kumi alitaka ngoma ya kumpokea. Tukacheza mchana, juani, bila chakula wala pombe, kwa nyimbo za kusifu jembe tulizotungiwa na mwalimu. Sijawahi kucheza vibaya vile. Miguu ilienda, lakini wanawake waliosimama pembeni hawakuitikia hata kibwagizo kimoja. Wao walikuwa wanatazama madebe yao. Chemchemi ilikuwa inatoa maji kidogo mno, na ukiondoka kwenye foleni umepoteza zamu.

Kilichokiweka kikundi hai ni kazi. Tulikuwa tumeshazoea kuitana kwa filimbi, basi filimbi ile ile ikaita msaragambo, kazi ya pamoja: leo tunafukua chemchemi, kesho tunashuka bondeni kufuata unga. Serikali iliagiza mahindi ya njano kutoka nje, na watu wakayabatiza Yanga, jina la klabu ya mpira, kwa sababu ya rangi. Kupanda mlima na gunia kichwani si mchezo, lakini mashabiki wa Simba, mahasimu wa Yanga, katika kikundi walipata taabu ya ziada, maana kila tonge lilikuwa na utani. Agosti 10 tulisikiliza redioni mechi ya Simba na Yanga uwanjani Nyamagana, Mwanza. Simba waliongoza mpaka dakika za mwisho, Gibson Sembuli wa Yanga akasawazisha, na muda wa nyongeza Sunday Manara akafunga la pili. Jioni ile kuna watu walikataa ugali. Asubuhi waliula baridi.

Mvua iliporudi tulitaka kualika vijiji kama zamani. Wachezaji wetu hodari wa kiume walikuwa wameshateremkia kwenye mashamba ya mkonge kutafuta mshahara, na wengi hawakurudi isipokuwa kwa misiba. Nafasi zao zilichukuliwa na wale wanawake wa foleni ya maji. Mzee mpigaji aliitungua ngoma yake, akaipasha moto kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na wanawake ndio walioanzisha wimbo. Kuanzia hapo kikundi kilikuwa chao, na sisi wanaume tuliobaki tukawa waitikiaji.