Madumu Mawili Katika Kivuko cha Kamanga

Wazee wetu walisema akiba haiozi, nami siyakatai maneno yao. Lakini iko akiba iwezayo kumwunguza mwenyewe pamoja na jirani zake, nayo ni petroli. Jambo hili nilijifunza katika likizo ya Desemba 2024, niliposafiri na mjomba wangu kutoka Mwanza kwenda Biharamulo. Nimeona niwaeleze wenzangu, na wazazi pia, maana wengi wetu huchukua petroli safarini pasipo kufikiri.

Mjomba ni mchuuzi wa mitumba, na kazi yake ni kufuata minada. Ana pikapu kuukuu, na nyuma yake huvuta tela alilolijengea kuta za mbao na paa la bati. Mchana tela hilo ni duka, usiku ni nyumba. Ndani yake mna magodoro mawili, jiko na sufuria. Watoto wa minadani huliita "konokono", kwa kuwa linakwenda na nyumba yake.

Konokono huyo hula sana. Pikapu ikienda peke yake hupata kilomita 10 kwa lita moja, lakini ikivuta tela hupata 6 tu. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni uzito, ambao huonekana zaidi katika vilima na kila gari linapoondoka baada ya kusimama. Ya pili ni hewa. Ukuta wa tela ni mrefu kuliko gari, basi hewa huupinga. Na mwendo ukizidi mara mbili, upinzani huo huzidi kama mara nne. Kwa hiyo tangi la lita 60, ambalo lingetupeleka kilomita 600, lilitosha kilomita 360 tu, na kwa dereva mwenye haraka hata hizo hazikufika.

Mjomba aliogopa kuishiwa njiani. Tena alitaka kuokoa fedha, maana bei kikomo za mafuta ambazo EWURA hutangaza kila mwezi hutofautiana mahali na mahali, na aghalabu huko mbali huwa juu zaidi. Basi alinunua lita 40 za ziada Mwanza, akazitia katika madumu mawili ya plastiki yaliyokuwa ya mafuta ya kupikia. Aliyajaza hadi mdomoni, akayaficha ndani ya tela, nyuma ya magodoro.

"Mjomba," nikamwuliza, "watu wa kivuko watakubali?"

"Wakiuliza, sema tumebeba nguo. Au wataka tukalale porini?"

Nikanyamaza. Yeye ndiye aliyeninunulia sare na madaftari, na kwetu mtoto hamsahihishi mkubwa wake. Tulipofika kivukoni, baharia akauliza tumebeba nini. Mjomba akajibu, "Nguo." Kisha baharia akanitazama mimi. Nami nikasema, "Nguo."

Kivuko kikaondoka, na Jiwe la Bismarck likabaki nyuma yetu. Jua lilikuwa kali, na paa la bati likapata moto. Tulipofika katikati ya maji nikasikia harufu. Hapo somo la Fizikia likanijia bila kuitwa. Petroli hutanuka ipatapo joto, karibu sehemu moja katika elfu kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Dumu la lita 20 lililojazwa alfajiri ya baridi, likipata joto la nyuzi 20 zaidi, hudai nafasi ya karibu nusu lita. Madumu yetu hayakuwa na nafasi hiyo, basi petroli ikatafuta njia kwenye kifuniko. Na mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea, bali hushuka na kutambaa sakafuni, miguuni pa watu.

Karibu na tela alisimama mama mmoja na mtoto mgongoni. Kando yake mzee mmoja alitoa sigara, akaanza kupapasa mfuko akitafuta kiberiti. Nikamtazama Mjomba. Mjomba akatazama ziwa.

Nikakumbuka habari za Morogoro. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka eneo la Msamvu, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Wale walikuwa nchi kavu, penye nafasi ya kukimbia. Sisi tungekimbilia wapi?

"Mzee, usiwashe!" nikapaza sauti. "Humu mna petroli!"

Mzee akaiacha sigara ikaanguka. Mabaharia wakaja upesi, wakawasogeza watu upande upepo unakotokea, wakafungua mlango wa tela ili mvuke utoke, na wakamwaga mchanga juu ya petroli iliyovuja. Hakuna aliyeumia. Baharia yule aliyetuuliza mwanzo hakutukana. Alisema tu, "Nyinyi wawili mliniambia nguo." Neno lile liliniuma kuliko kofi, kwa kuwa alisema "wawili".

Tuliposhuka Kamanga, Mjomba hakusema nami. Alimimina katika tangi kiasi kilichoweza kuingia, na iliyobaki akamwuzia mvuvi mwenye boti ya injini kwa bei ileile aliyonunulia. Nilipiga hesabu kimoyomoyo: kwa bei za siku ile, lita zote 40 zisingemwokolea hata shilingi 4,000. Na kivuko kilikuwa kimejaa watu.

Tulilala njiani, ndani ya tela, na harufu ilikuwa haijaisha. Nilingoja karipio. Baada ya kimya kirefu Mjomba akasema, "Kesho uniandikie hesabu ya vituo vya mafuta, wewe mwanafunzi."

Nikamwandikia. Tuliweka sharti moja: tangi likifika nusu, tunajaza kituo cha kwanza tukionacho. Tulijaza Geita, tukajaza tena Katoro. Mjomba alipunguza mwendo, na tela likala kidogo kuliko siku zote. Tulifika Biharamulo tangi likiwa bado na mafuta, wala hatukulala porini.

Sisemi akiba ya petroli haifai kamwe. Ziko njia ambazo vituo vyake ni haba, na tela huzifanya njia hizo kuwa ndefu zaidi. Siku hizi Mjomba ana dumu moja la chuma la lita 20, lililotengenezwa kwa kazi hiyo, nalo humtosha kilomita 120. Hulijaza likiwa chini ardhini, si juu ya gari, ili cheche za umeme tuli zisizuke; huacha nafasi ya kutanuka; hulifunga imara nyuma ya pikapu penye hewa, mbali na jiko na mahali pa kulala. Na akifika kwenye kivuko, hulitaja kabla hajaulizwa. Wakimkatalia, huliacha.

Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, na wenye magari wengi hawangoji tena kivuko. Lakini petroli iliyofichwa hufuatana na mwenyewe, apite majini au darajani.

Wenzangu, mimi sikusifiwa kwa kupiga kelele siku ile, wala sistahili sifa. Niliwajibika kusema bandarini Mwanza, nilipoulizwa, kabla kamba hazijafunguliwa. Nilisema katikati ya maji, na ni bahati tu kwamba kiberiti cha yule mzee kilikawia mfukoni.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu