Mzee Ernie na Njia za Taos

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa mwanafunzi New Mexico, Marekani, na likizo za Krismasi nilikwenda kuosha vyombo kwenye hoteli moja ndogo huko Taos Ski Valley. Watu wa nyumbani wakisikia New Mexico huwaza jangwa tu. Kumbe kilele cha Kachina cha pale Taos kina mita 3,804, juu kidogo ya vibanda vya Horombo pale Kilimanjaro, na wageni hufunga safari ya mbali kuja kuteleza kwenye theluji yake.

Aliyekianzisha kituo kile cha kutelezea thelujini ni Ernie Blake. Alizaliwa Frankfurt mwaka 1913 katika familia ya Kiyahudi, akakulia Ujerumani na Uswisi, akahamia Marekani mwaka 1938. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto akavaa sare za jeshi la Marekani, kazi yake ikawa kuwahoji mateka wa Kijerumani. Baadaye aliruka na ndege yake ndogo juu ya milima ya Sangre de Cristo akitafuta bonde, na mwaka 1955 akahamia humo na mkewe, Rhoda, na watoto. Nyumba yao ya kwanza ilikuwa karavani.

Mimi nilimkuta ameshazeeka, lafudhi ya Kijerumani bado imemkaa ulimini. Asubuhi alisimama karibu na lifti za viti akisalimia watu.

Ramani ya njia za kutelezea ilibandikwa jikoni, juu ya sinki letu. Njia moja ilipewa jina la Al Rosen, daktari wa mjini aliyeugua moyo akaendelea kuteleza huku akipumua oksijeni ya mtungi. Lakini zile za upande wa magharibi zilinishangaza: Stauffenberg, Oster, Tresckow, Fabian. Mpishi ndiye aliyenieleza. Hao ni Wajerumani waliokula njama ya kumwondoa Hitler. Stauffenberg alitega bomu Julai 20, 1944, na usiku uleule akapigwa risasi. Tresckow akajiua kesho yake. Oster alinyongwa Aprili 1945. Fabian von Schlabrendorff alinusurika, akaja kuwa jaji wa Mahakama ya Katiba.

Nilisimama pale na sahani mkononi. Myahudi aliyelazimika kuanza maisha upya ugenini alikuwa na kila sababu ya kumchukia yeyote aliyevaa sare ya jeshi la Hitler, kama hao wanne. Yeye aliwachambua mmoja mmoja, akawapa heshima waliostahili. Na aliweza kwa sababu kituo kilikuwa chake. Kampuni yenye wanahisa ingetafuta majina ya kuuzia tiketi. Kwangu mimi, huo ndio uhuru wa kumiliki kitu chako.

Mzee Ernie alifariki Januari 1989. Mwishoni mwa 2013 familia ilikubali kukiuza kituo kwa tajiri Louis Bacon. Majina ya wale wanne bado yako kwenye ramani.