Safu Niliyoifuta

Ripoti yangu kuhusu umakini wa watoto wa wafugaji ina kosa, na kosa hilo si la uchapaji. Nililifanya mwenyewe, nikijua ninachokifanya. Naliungama hapa kwa sababu ripoti ile bado inasomwa, na kwa sababu wapo watoto waliokaririshwa darasa kwa ajili yake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Katika shule moja ya msingi, wilaya ya wafugaji kaskazini mwa Tanzania, kila mwanafunzi wa darasa la tatu alipewa karatasi iliyojaa herufi, akaambiwa akate kila herufi "e" atakayoiona. Nilikaa pembeni na saa mkononi, nikiweka alama kila mtoto alipoinua macho kutoka kwenye karatasi. Watoto wa wafanyabiashara na watumishi walifanya vizuri. Watoto wa maboma ya wafugaji waliinua macho, wakageuza shingo, wakaruka mistari. Nikaandika kwamba wana upungufu wa umakini, na nikapendekeza wenye alama za chini kabisa wakariri darasa huku wakipewa mazoezi ya kuzingatia. Shule ikafuata pendekezo langu.

Jedwali langu la awali lilikuwa na safu moja zaidi. Niliipa jina "kelele za nje", na humo niliandika kilichosikika au kuonekana dirishani mtoto alipoinua macho. Kwa watoto wa maboma, neno lililojirudia safu nzima lilikuwa ng'ombe. Mifugo ilipita nyuma ya madarasa asubuhi ikielekea lamboni, na mtoto alikuwa akiangalia mali ya kwao: nani kaichunga leo, yupi anachechemea, ndama gani hayupo. Siku ambazo mifugo ilipelekwa malisho ya upande mwingine, watoto walewale walikata herufi zao sawasawa na wenzao. Hayo yote yalikuwemo daftarini mwangu. Niliifuta safu ile kwa sababu iliharibu unadhifu wa jedwali, na waliofadhili utafiti walitaka alama moja kwa kila mtoto.

Liko jambo lililonipa ujasiri wa kuifuta. Niliomba madirisha yafungwe, kisha nikarudia zoezi. Alama za watoto wa maboma hazikupanda, zilishuka. Nikajiambia kwamba sasa nimepata ushahidi: vya nje vimezuiwa na bado hawazingatii, basi tatizo limo ndani yao. Sikujiuliza kufunga dirisha kumemfanyia nini mtoto ambaye bado anasikia. Kengele ya ng'ombe ilisikika, mluzi wa kaka yake ulisikika, na kile alichokuwa akikimaliza kwa kutupa jicho mara moja sasa ilimbidi akifuatilie kwa masikio mpaka kundi lote lipite. Nilimwongezea kazi, kisha nikamhukumu kwa kushindwa kufanya mbili kwa pamoja.

Wala siwezi kujitetea kwamba sikufundishwa. Kila mwaka nasimama mbele ya wanafunzi wa ualimu nikieleza habari za Roger Barker, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefungua kituo chake katika mji mdogo wa Oskaloosa, Kansas, mwaka 1947. Kwa miaka 25 kituo kile kilitazama watu wakiishi maisha yao ya kawaida. Mwaka 1951 yeye na Herbert Wright walichapisha kitabu kizima kuhusu siku moja tu ya mvulana wa miaka 7, tangu kuamka mpaka kulala. Barker aliona kwamba ukitaka kubashiri mtoto atafanya nini, mara nyingi kujua yuko wapi, dukani, kanisani au darasani, kutakusaidia kuliko kujua ni mtoto wa aina gani. Kazi hiyo aliiita saikolojia ya kiikolojia. Nafundisha pia habari za James Gibson, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1979 alikataa kabisa kulichunguza jicho mbali na ulimwengu ambamo mwenye jicho anatembea. Nimewasahihishia wanafunzi majibu kuhusu watu hawa wawili, nikawapa alama za juu, kisha nikaenda shuleni nikafanya kinyume cha yote niliyosahihisha.

Aliyenitikisa hakuwa mwanasaikolojia. Jengo la pili chuoni kwetu ni la watafiti wa wanyamapori, na siku moja nilikaa kwenye mhadhara wao. Walieleza utafiti wa Roan Plotz na Wayne Linklater, uliochapishwa mwaka 2020, kuhusu vifaru weusi wa Hluhluwe-iMfolozi, Afrika Kusini. Kifaru mweusi haoni vizuri mbali. Watafiti walimwendea kwa miguu, mara akiwa peke yake, mara akiwa na shashi mgongoni, ndege ambaye kwa Kiswahili huitwa pia askari wa kifaru. Kifaru aliyekuwa peke yake alimgundua mtu katika asilimia 23 tu ya majaribio. Aliyekuwa na shashi aligundua kila mara, na mtu akiwa mbali zaidi: wastani wa mita 61, badala ya 27. Ndege anapiga kelele, kifaru anageuka.

Nilibaki kwenye kiti wengine walipotoka. Katika jedwali langu, shashi angeingia safu ya kelele za nje, na ningemfuta. Kisha ningeandika kwamba kifaru ana upungufu wa umakini.

Nikaanza kusoma upya, safari hii bila kujali kitabu kinatoka idara gani. Niliowakuta karibu zaidi na kosa langu ni Wahimba, wafugaji wa kaskazini-magharibi mwa Namibia. Mwaka 2011 Jan de Fockert na wenzake walionyesha kwamba Wahimba wanaoishi maisha yao ya asili hawavurugwi kirahisi na vitu vinavyozunguka kile wanachotakiwa kukiangalia. Kwa hilo waliwapita Waingereza. Ripoti yangu ilikuwa imetangaza udhaifu wa wafugaji mahali ambapo wenzangu walikuwa wamekwisha kupima nguvu yao. Mwaka 2013 Karina Linnell na wenzake wakaongeza jambo zito zaidi. Wahimba waliohamia mjini umakini wao ulitawanyika, ingawa walifanya vizuri zaidi kwenye kipimo cha kumbukumbu. Na walipopewa kazi yenye kuvutia, wao na Waingereza pia, umakini ukakaza kama wa Wahimba wa vijijini. Uwezo haukuwa umepotea. Kilichobadilika ni mahali, na kama kilichowekwa mbele ya mtu kina uzito wowote kwake.

Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi kwa sababu ya karatasi yangu ya herufi. Ilikuwa na uzito gani kwa mtoto wa miaka 9 ambaye nyumbani ndama wako chini yake?

Maricela Correa-Chávez na Barbara Rogoff waliona jambo la jirani na hili huko Guatemala. Mtoto mmoja alifundishwa kutengeneza kichezeo huku ndugu yake akisubiri pembeni, hakuna aliyemwambia atazame. Watoto wa Kimaya kutoka familia zilizofuata desturi za zamani walitazama kuliko watoto wa Marekani, na wiki moja baadaye walihitaji msaada mdogo zaidi kukitengeneza wenyewe. Kwenye kipimo changu, kutazama kwao pembeni kungekuwa dosari.

Naamini sasa kwamba nilichopima hakikuwa umakini wa mtoto. Nilipima umbali kati ya kazi yangu na maisha yake, nikauandika kwa jina lake. Mtaalamu wa ndege asingefanya hivyo; haelezi ndege anachoangalia bila kueleza kuna chakula gani na adui gani mahali pale. Sisi wa elimu tunaweza, na tunalipwa kwa kufanya hivyo, na hilo linanihuzunisha zaidi ya alama zenyewe.

Nilirudi kule wilayani. Mvulana mmoja katika waliokaririshwa aliacha shule mwaka uleule. Baba yake alinikaribisha vizuri, akaniambia, "Mwalimu, tuliambiwa umepima ukaona mtoto hana akili ya kusoma. Nikampa ng'ombe achunge." Sikuwa nimeandika maneno hayo, lakini ndivyo ripoti yangu ilivyomfikia, na hakuna sentensi ndani yake iliyozuia isimfikie hivyo. Nilimwomba radhi mbele ya mwanawe. Nilimweleza kuhusu safu ile na nilichokiona humo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama shule itampokea kijana sasa, akiwa amekwisha kuwapita wenzake wa darasa la tatu kwa umri na kimo.

Nimepeleka swali lake kwa mwalimu mkuu kwa maandishi, pamoja na jedwali kamili lenye safu yake, na barua ya kutaka pendekezo langu liondolewe kwenye kumbukumbu za watoto wote waliohusika. Wafadhili nao wamepata nakala. Jibu la shule kuhusu kijana yule bado halijaja, na wiki ijayo naenda kulifuata mwenyewe.