Kabla Hujajirusha, Pima Upepo!

SIKU hizi kijana akikwambia wikiendi hii anakwenda kujirusha, huna haja ya kumuuliza anakwenda wapi. Unajua tu: muziki, nyama choma, vinywaji baridi na kurudi nyumbani alfajiri viatu mkononi. Lakini mimi nilizaliwa Makoko, pale Musoma, katika nyumba ambayo neno hilo halikuwa la mchezo. Baba yangu mzazi alijirusha kweli. Kutoka kwenye ndege! Na aliyekuwa chini akimsubiri alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, yaani baba yangu mdogo.

Leo nakusimulia mambo yaliyonikuta mwaka 1998, mwaka ambao na mimi nilitaka kujirusha bila mwavuli.

Nilikuwa na miaka 24, karani mdogo wa kampuni moja Dar es Salaam. Nilikuwa napanga chumba kimoja na mshikaji wangu Manzese, kitanda kimoja, na mshahara wangu ulikuwa unakata roho tarehe 20. Basi bwana, nikaalikwa harusi moja Sinza, na huko nikakutana na binti wa Bunda, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uuguzi. Miezi miwili tu, nakwambia, nikawa sili wala silali. Nikamwambia aache chuo tufunge ndoa. Nikakopa pesa za mahari, nikapanda basi kwenda nyumbani. Mawazo yangu yote njiani yalikuwa kwenye suti ya harusi.

Baba alinisikiliza, akainyoosha ile mguu wake wa kulia usiokunjika vizuri, akasema, "Posa ya Bunda siiwezi mimi na mguu huu. Nenda kwa baba yako mdogo, ndiye ataongoza wazee."

Nikamkuta Bamdogo ufukweni, anashona nyavu. Alikuwa amestaafu jeshi, mtu wa maneno machache. Kila jioni alikuwa na kazi moja ambayo sijawahi kumwona akiiacha: kumletea Baba samaki. Siku sato, siku fungu la dagaa. Mvua inyeshe, jua liwake. Sisi watoto tulidhani ni mapenzi tu ya ndugu.

"Shikamoo, Bamdogo."

"Marahaba, mwanangu. Habari za Dar?"

Nikamwaga sera zote. Binti mzuri, nampenda, ananipenda, tunataka tuoane mwezi ujao. Akashona mafundo kama matatu hivi bila kusema neno. Kisha akaokota mchanga mkavu, akauachia taratibu kutoka usawa wa bega, akaangalia unakoelekea.

"Sendi," akasema. "Leo nakupandishia moshi mwekundu."

Sikumwelewa. Nikauliza moshi gani tena, Bamdogo, mbona mimi nazungumzia ndoa? Ndipo kwa mara ya kwanza maishani akanieleza kazi aliyokuwa akifanya jeshini.

Wewe na mimi tukimwona askari wa mwavuli kwenye sherehe, macho yote yanakuwa juu. Tunapiga vigelegele. Hatumuulizi hata siku moja nani alichagua pale anapoangukia. Kumbe kuna watu wamefika pale mapema sana kuutengeneza huo uwanja wa kutua. Bamdogo alikuwa mmoja wao.

Kwanza, urefu. Ndege inayomwaga askari haisimami hewani kama daladala. Ikienda kilomita 240 kwa saa, kila sekunde inakula mita 67 hivi. Askari 20 wakitoka mlango mmoja, mmoja kila sekunde, basi kati ya wa kwanza na wa mwisho kuna zaidi ya kilomita moja na robo. Uwanja ukiwa mfupi, wale wa mwisho watatua kwenye miti au juu ya mapaa ya watu.

Pili, unaukagua uwanja kwa miguu. Mashimo, visiki, mawe, vichuguu, nyaya za umeme. Kama kuna maji ya kina karibu, boti na waokoaji lazima wawe tayari, maana mtu mwenye buti, mzigo na mwavuli uliolowa hazungumzi na maji. Gari la wagonjwa lisimame palipo wazi.

Tatu, upepo. Na hapa ndipo penye kasheshe. Ile miavuli ya duara ya jeshi haina usukani wa maana. Upepo ukikuchukua, umekuchukua. Jeshi la Marekani lina hesabu yake ambayo hata mtoto wa darasa la nne anaiweza: chukua mamia ya futi za kimo, zidisha kwa mwendo wa upepo katika noti, kipimo cha mabaharia na marubani, kisha zidisha kwa 3. Jibu ni mita ambazo askari atasukumwa. Akiruka futi 800 kwenye upepo wa noti 10, ni 8 mara 10 mara 3. Mita 240! Kwa hiyo anatakiwa aachiliwe mita 240 kabla, upande unakotoka upepo. Na kwa mazoezi kuna kikomo: upepo wa chini ukizidi noti 13, yaani kilomita 24 hivi kwa saa, hakuna kuruka.

"Hizo hesabu nilifundishwa," Bamdogo akasema, "lakini upepo niliujulia hapa Makoko. Usiku na alfajiri unatoka nchi kavu, mvuvi anasukumwa kwenda ziwani. Jua likipanda unageuka, unatoka ziwani na nguvu zake. Kila mahali jua likichoma ardhi, upepo unaamka. Ndiyo maana kazi ile inapendeza asubuhi."

Mambo yakiwa sawa, wa chini anatandika alama zake na kuwasha moshi wa kijani. Rubani anaona, watu wanaruka. Mambo yakiharibika, anawasha mwekundu. Rubani anapita juu na watu wake wote ndani, na huko ndani, nakwambia, watu wanamtukana yule wa chini! Wamevaa, wamejifunga, moyo umeshapanda, halafu kuna jitu moja kule majanini linasema hapana.

Kijana wa mjini nikakasirika kinoma. Nikamwambia, Bamdogo, mimi siyo askari. Na mtu akiogopaogopa hivyo ataruka lini?

Akacheka kidogo. Akaniuliza kama nimewahi kusikia Kolwezi.

Kolwezi ni mji wa madini kusini mwa Kongo, Zaire ya wakati ule, na watu wake wanaongea Kiswahili. Mei 1978 waasi waliuteka. Tarehe 16 Mei kampuni moja ya askari wa miavuli wa Zaire ikarushwa pale. Wakatawanyika, wengi wakauawa. Tarehe 19 alasiri wakaruka Wafaransa wa kikosi cha wageni, kundi la kwanza kama watu 400. Kundi la pili likafika juu ya mji giza linaingia. Fikiria mwenyewe: wenzao wako chini wanapigana, wao wako juu, wamejiandaa. Amri ikatoka: leo hapana. Ndege zikageuka na watu wake. Asubuhi ya tarehe 20 wakarudi, wakaruka mchana kweupe, wakaungana na wenzao.

"Mwaka huo nilikuwa askari kijana," akasema. "Oktoba hiyohiyo Amin akatuvamia Kagera, na sisi tukaingia vitani. Lakini hiyo ya Kolwezi ilinikaa kichwani. Uwanja wa usiku uliahirishwa mpaka asubuhi. Moshi mwekundu, mwanangu, maana yake zunguka, urudi."

Nikamuuliza, na wewe uliwahi kuuwasha?

Sindano ikasimama. Akaangalia ziwa muda mrefu.

"Siku moja nilitakiwa niuwashe, nikawasha wa kijani."

Ilikuwa mwaka 1983, mbali sana na Musoma. Yalikuwa maonyesho. Kuruka kulipangwa asubuhi mapema, hewa imetulia kama maziwa. Lakini mgeni rasmi akachelewa. Saa mbili, saa tatu, saa nne... wageni wamekaa kwenye mahema, ngoma inalia, ndege inasubiri. Kufika saa tano upepo umeamka. Bamdogo akapima, umezidi kikomo. Akapima tena, umezidi. Akaripoti kwa mkubwa wake. Mkubwa akamwambia, "Kijana, unataka niwaambie nini watu wote hawa?" Bamdogo akashika bomu la moshi mwekundu mkono mmoja, la kijani mkono mwingine.

Upepo ukatulia kidogo. Dakika moja, mbili. Akawasha wa kijani.

Mtu wa nne kutoka alipigwa na upepo uliorudi kwa nguvu. Akatua vibaya, na kabla hajauachia mwavuli ukajaa upepo ukamburuta hadi kwenye mawe, nje ya uwanja. Mguu wa kulia ukavunjika sehemu mbili.

Mtu wa nne alikuwa kaka yake. Baba yangu.

Msomaji wangu, mimi nilikuwa darasa la pili Baba aliporudi na magongo. Tuliambiwa tu "aliumia kazini." Miaka 15 nilikuwa nakula wale samaki wa jioni bila kujua ni samaki wa nini.

Usiku ule nilimkalisha Baba uani, nikamuuliza. Hakushangaa. "Amekwambia basi," akasema. "Lakini hakukwambia yote. Kabla hatujapanda ndege alinifuata akanong'ona, 'Kaka, upepo siuamini.' Mimi nikamjibu, 'Usituharibie siku, bwana mdogo. Watu wamekuja kutuona.' Mimi ndiye mkubwa. Angenisikiliza nani kama siyo yeye?" Akaupapasa mguu wake. "Nimemwambia mara mia aache kuleta hao samaki. Hataki. Nilivunjwa mguu na aibu, mwanangu. Aibu ya kumwambia mgeni rasmi hapana."

Nililala macho makavu. Nikaanza kupiga hesabu zangu mwenyewe. Uwanja wangu ulikuwa na urefu gani? Chumba cha kugawana Manzese. Maji yalikuwa wapi? Deni la mahari. Na upepo? Binti wa watu nimemwambia aache chuo ili aje anipikie ugali kwa mshahara unaokufa tarehe 20! Nilikuwa na haraka ya nini kama siyo kuwaonyesha washikaji kwamba na mimi nimeweza? Hata mimi nilikuwa na wageni wangu kwenye mahema.

Asubuhi nikapanda gari mpaka Bunda, peke yangu, bila wazee, nikamwona mwenzangu aliyekuwa nyumbani likizo. Nikamwambia maliza chuo kwanza. Ngoma nzito hiyo, jamani! Nilidhani atalia au ataniona bazazi. Alinyamaza, kisha akasema, "Nilikuwa nakuogopa kukwambia hivyohivyo." Kumbe na yeye alikuwa kwenye mlango wa ndege, anaona aibu kurudi nyuma.

Nikarudisha pesa za watu. Akamaliza chuo mwaka 2000. Desemba mwaka huo nikarudi tena Makoko, safari hii nina vyumba viwili na kitanda changu mwenyewe. Wazee wakakusanyika kwenda Bunda. Baba naye akajikongoja akapanda gari, mguu na yote. Bamdogo akasimama uani, akaokota vumbi, akaliachia. Likaanguka wima, miguuni pake.

"Twendeni," akasema.

Mwaka 2004 kampuni yangu ilipunguza wafanyakazi, na mimi nikawa wa kwanza kwenye orodha. Miezi saba tulikula mshahara wa muuguzi. Kila nikinawa mikono kwenda mezani nilikuwa nakumbuka ule mchanga mkavu.

Kwa hiyo kijana mwenzangu, sikukatazi kujirusha. Ruka! Oa, olewa, fungua biashara, acha kazi uliyoichoka, hama mji. Lakini tafuta mtu wako wa chini. Anaweza kuwa mama mkubwa, rafiki mmoja mkorofi, hata mpangaji mwenzako. Utamjua kwa jambo moja: wote wakipiga vigelegele, yeye anaangalia upepo. Akikuwashia mwekundu usimnunie, zunguka, urudi asubuhi.

Na kama mtu wa chini ni wewe, na aliye juu ni ndugu yako, usimwonee haya. Bamdogo ni mzee sana sasa, Baba alishatangulia. Nyavu hashoni tena, macho hayaoni. Lakini jioni ikifika bado anauliza kama samaki wamepelekwa.