Kazi Iwe Yenu Wenyewe

Kenya ina Makutano nyingi. Ipo hii yetu ya Meru, ipo ya Mwea ambapo barabara ya Embu inachepuka, na ipo ya Pokot Magharibi karibu na Kapenguria. Ukipanda gari Nairobi useme tu "nitashukia Makutano", makanga mwenye busara atakuuliza, "Ya wapi?" Asipouliza, nawe usipofafanua, mtakosana njiani na hakuna atakayekuwa amedanganya. Neno lilikuwa moja, ila kila mtu alilisikia kwa sikio la kwao.

Mashindano ya kutengeneza gemu za kompyuta yamejaa maneno ya aina hiyo. Mnapewa mada, mnapewa siku kadhaa, mnapewa ukurasa wa masharti. Humo mtakuta sentensi kama hii: "Kazi iwe yenu wenyewe." Inasomeka vizuri mpaka uanze kuichokonoa. Injini ya gemu, iwe Godot au Unity, iliandikwa na watu wengine. Maumbo ya herufi yalichorwa na mtu mwingine. Basi kazi yetu inaanzia wapi, na ya wenyewe inaishia wapi?

Mimi na mwenzangu tuliingia shindano moja la namna hiyo tukitokea hapa Makutano. Gemu yetu ilikuwa ya pikapu ya miraa. Unatoka Maua, mzigo umefungwa kwa majani ya migomba, na lazima ufike uwanja wa Wilson kule Nairobi kabla miraa haijanyauka. Kila unapochelewa, rangi ya majani inabadilika. Picha tulichora wenyewe na programu tukaiandika wenyewe, usiku, kwa laptopu moja tuliyopokezana, bando tukinunua kwa zamu. Mlio wa injini tuliutoa mtandaoni, kwa mtu aliyeuachia umma bure, na tukaandika hivyo kwenye ukurasa wa shukrani ndani ya gemu.

Barua pepe ilikuja na mstari mmoja: kazi yenu imeondolewa kwa kuwa si yenu yote. Hatukubisha, mpaka tulipoicheza gemu iliyoshinda. Magari yake, miti yake, hata maduka ya kando ya barabara, vyote vilikuwa vya kununuliwa tayari. Tulivijua kwa sababu tulishaviona vikiuzwa, na bei tukaiona pia. Nilipopiga simu nilijibiwa kwa upole kabisa: wale jamaa walipiga mapema wakauliza kama inaruhusiwa, wakaambiwa haina shida.

Sina kinyongo na washindi. Gemu yao ilikuwa tamu, na kuuliza ni haki yao. Kilichoniuma ni kwamba jibu walilopewa lilikuwa kanuni, na kanuni hiyo ikabaki ndani ya simu yao. Tulikuwa uwanja mmoja tukicheza kwa sheria mbili, na sisi tulijua moja tu.

Kuna atakayesema: si mngeuliza pia? Lakini swali huzaliwa na shaka, na sisi hatukuwa na shaka yoyote. Sentensi ilikuwa fupi, tukaisoma, tukaelewa tulivyoelewa. Anayeishi mji mmoja na waandalizi, anayekutana nao kwenye chai, huisikia shaka bila hata kuitafuta. Mtu anataja jambo, mwingine anasema "hiyo wataikubali", na tayari ameshajua. Aliye mbali ana maandishi tu. Ndiyo maana kanuni yenye utata haiwaumizi watu sawasawa. Ni ada ya kiingilio inayotozwa wa mbali peke yao, na hakuna stakabadhi inayotolewa.

Na jambo hili lina dawa, tena ya zamani. Ludum Dare, mashindano ya mtandaoni yaliyoanzishwa na Geoff Howland mwaka 2002, yalilijibu swali hili kwa kugawa njia mbili. Ukichagua ile ngumu, Compo, unafanya peke yako kwa saa 48, picha na sauti zote unazitengeneza ndani ya muda huo, na msimbo wako unauweka wazi wengine wauone. Ukichagua Jam, unapata saa 72, unaweza kuwa na kikundi, na unaweza kutumia vitu vya wengine ulivyo na ruhusa navyo. Ila kama picha si zako, unajitoa kwenye alama za picha. Kama sauti si zako, unajitoa kwenye alama za sauti. Gemu yenyewe inabaki mashindanoni. Kwa mtindo huo, pikapu yetu ingepoteza alama za sauti na kuendelea na safari.

Mengine yameshika njia ya ukali. js13kGames, yaliyoanzishwa na Andrzej Mazur wa Poland mwaka 2012, yanataka gemu nzima, ikishabanwa kwenye faili ya zip, isizidi kilobaiti 13, yaani baiti 13,312. Ukifikisha 13,313 uko nje. Ni sharti la kutoa jasho, na bado sijawahi kuliona kuwa la dhuluma. Mizani ni kompyuta, na mtu aliye Makutano anaweza kujipima mwenyewe usiku kabla ya kutuma, bila kumjua yeyote. Watu wakilalamikia mashindano husema kanuni ni kali mno. Kwangu mimi ukali si tatizo. Tatizo ni kanuni ambayo huwezi kuipima mpaka jaji aipime kwa niaba yako.

Hata saa ina mambo yake. Mashindano mengi ya mtandaoni huhesabu kwa saa ya UTC, na Kenya iko saa 3 mbele. Saa sita usiku ya UTC kwetu ni saa tisa usiku. Tangazo lisipotaja saa ya wapi, kuna atakayekimbizana na muda ambao bado haujaisha, na kuna atakayefika akute mlango umefungwa. Halafu kuna stima. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima, na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaguswa na giza. Kanuni nzuri inasema mapema nini kitafanyika siku kama hiyo. Hata "muda hauongezwi" ni jibu la haki, mradi liwe limeandikwa kabla giza halijaingia.

Wazee wanaocheza drafti ya vizibo vya soda wanalijua hili kuliko majaji wengi wenye laptopu. Wakikutana watu wa sehemu mbili, huulizana kabla ya kizibo cha kwanza kusogezwa: kete ya kawaida inakula kwa nyuma? Kingi anaruka mbali? Ukikosa kula, kete yako inaondolewa? Wakishakubaliana, hata kwa kanuni ya ajabu, mchezo ni halali, kwa sababu kila aliyesimama pale amesikia. Anayekuja na kanuni mpya katikati hapati wa kumwonea huruma.

Mwenzangu aliacha kutengeneza gemu baada ya ile barua pepe. Siku hizi anauza kava za simu na kubadilisha skrini, na biashara inaenda. Mimi huandaa shindano dogo la wikendi na vijana wachache, zawadi ikiwa bando na chakula. Kanuni ziko kwenye karatasi moja mlangoni, na mstari wa mwisho unasema: swali la mmoja litajibiwa kwa wote, hapa hapa. Mara ya mwisho alipita kutuletea chaja. Akaisoma karatasi akiwa amesimama, kisha akauliza, "Na sauti za bure?"

Nikachukua kalamu nikaongeza, vijana wakiangalia: sauti za bure zinaruhusiwa, taja umezitoa wapi, hazitapewa alama.

Akasoma tena. "Hapo sawa," akasema, akarudi dukani kwake.