Jumamosi Chang'ombe: Penzi, Padi na PS2

Wikiendi imefika, mfukoni hakueleweki, na wewe na mwenzi wako mmekaa kochi moja, kila mtu na simu yake. Unajua ninachozungumzia. Siku kama hiyo, mimi na mume wangu tulipanda daladala kwenda Chang'ombe, Temeke. Kilichotupeleka kilikuwa kidogo kuliko kiberiti: memori kadi ya PlayStation 2, megabaiti 8 tu, iliyokuwa imegoma kusoma.

Usicheke. Ndani ya kadi hiyo kulikuwa na ligi yetu. Enzi za uchumba jamaa alikuwa amepanga chumba Chang'ombe, hana kochi wala friji, ila PS2 ipo. Tulikuwa tunacheza Pro Evolution Soccer 6, ile ya mwaka 2006, na matokeo yote tunayatunza humo. Siyo siri, nilikuja kunywa chai, nikabaki kwa ajili ya mechi ya marudiano!

Mtaa wa soka

Chang'ombe huwezi kuikwepa soka. Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa 2007 na unaoingiza watu 60,000, uko pale pale, jirani na Uwanja wa Uhuru. Siku Simba na Yanga zikikutana, Barabara ya Chang'ombe inajaa jezi nyekundu huku, kijani na njano kule. Lakini ingia mitaa ya ndani, pita kwa mama ntilie, pita kwa kinyozi, utasikia watu wanashangilia goli siku isiyo na mechi yoyote. Hicho ni kibanda cha gemu: televisheni mbili tatu, benchi la mbao, feni, na PS2 zilizochakaa ile mbaya. Unalipa kwa mechi. Ukifungwa, unaachia padi.

Kwa nini bado zipo? Sony iliacha kutengeneza PS2 mwanzoni mwa 2013, ikiwa imeuza zaidi ya milioni 150. Gemu ya mwisho ya FIFA kwa mashine hiyo ilikuwa FIFA 14, iliyotoka mwaka huo huo. Kwa kampuni, hesabu ilifungwa. Mashabiki wao wakaendelea. Kuna programu waliyoitengeneza wenyewe, Free McBoot, inayokaa kwenye memori kadi na kufungua njia ya kucheza gemu kutoka kwenye flashi. Lenzi ikifa, mechi haifi. Kule Brazil kuna Bomba Patch, ambapo gemu hizi za zamani zinawekewa vikosi na jezi mpya.

Na sisi Bongo hatukulala. Kwenye PES 6, Chelsea iliitwa London FC na Liverpool iliitwa Merseyside Red, kwa sababu gemu haikuwa na haki ya kutumia majina yao. Mtu ulikuwa unaingia kwenye menyu ya kuhariri unarekebisha mwenyewe. Ndiyo maana Januari 2020, Mbwana Samatta alipotua Aston Villa na kuwa Mtanzania wa kwanza Ligi Kuu ya England, mume wangu alikesha akimtengeneza: urefu, kasi, mpaka mtindo wa nywele. Gemu ya 2006 ikawa na Samatta wa 2020. Kampuni isingefanya hivyo, shabiki alifanya.

Kwa fundi

Fundi alisugua meno ya kadi kwa mswaki na spiriti, akaipuliza, akaichomeka. Kimya. Akarudia. Mara ya tatu ikasoma, mume wangu akanishika mkono kama tuko leba!

Habari nzuri: Samatta alikuwepo, na jezi yake. Habari mbaya: faili la ligi lilikuwa limeharibika. Miaka yetu yote ya ubishi, nani alimfunga nani, imekwenda. Kiukweli niliumia kuliko nilivyotegemea. Tukahamishia kilichobaki kwenye flashi, nikanunua na kadi nyingine.

Halafu tukakaa benchi la kibandani kusubiri zamu. Kijana mmoja alimchapa mume wangu tatu bila, name nikaingia kulipa kisasi nikala nne. Tulicheka mpaka giza, bega kwa bega, simu zikiwa mfukoni. Kumbe hicho ndicho tulichokuwa tunakitunza kwenye ile kadi. Usiku huo tulianzisha ligi mpya nyumbani. Mpaka naandika hapa, naongoza kwa pointi mbili.

Ukitaka kwenda

Epuka siku ya mechi kubwa uwanjani, foleni yake si ya kitoto. Beba sarafu. Kibanda kikiwa na watoto wenye sare za shule saa za masomo, tafuta kingine. Na kama una memori kadi droo ya kabati, usisubiri igome: mpelekee fundi ainakili wiki hii.